SOMO: Kupima nguvu ya misuli bila kujidanganya

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Nimechoka kuulizwa faragha "ninyanyue kilo ngapi nijue nguvu yangu?", kwa hiyo naliweka lote hapa. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

Nguvu ninayozungumzia ni uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja tu, kwa mtindo sahihi. Kupiga pushapu nyingi mfululizo ni ustahimilivu wa misuli, nao una vipimo vyake.

Hatua ya 1. Chagua zoezi unalolijua tayari: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni) kwa miguu, benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) kwa kifua. Ukipima zoezi ulilojifunza juzi, utapima ugeni.

Hatua ya 2. Siku mbili kabla, usichoshe misuli utakayoipima.

Hatua ya 3. Pasha mwili. Kisha nusu ya uzito unaokusudia mara nane, pumzika, halafu kama asilimia 70 mara nne. Usifike kwenye kipimo umeshachoka.

Hatua ya 4. Tafuta uzito utakaoweza mara tatu hadi sita. Kutafuta ile moja ya mwisho waachie wazoefu wenye mtu wa kuwashikia chuma. Kati ya jaribio na jaribio pumzika dakika tatu hadi tano, kwa saa.

Hatua ya 5. Kuhesabu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, nisomeni taratibu. Kabla hujagusa chuma, kubaliana na mwenzako ni mara ipi inahesabika. Kwenye skwati, paja lilale sambamba na sakafu. Kwenye benchi, chuma kiguse kifua bila kudundishwa, na makalio yabaki kwenye benchi. Mwenzako akikigusa chuma hata kwa kidole, hiyo haipo. Nimeona vijana wakishangilia kilo 20 zilizoongezeka ndani ya mwezi, kumbe kilichopungua ni kina cha skwati. Dawa yake ni rahisi: weka stuli nyuma yako yenye kimo kinacholingana na kina mlichokubaliana, makalio yaiguse kidogo kila unaposhuka, na stuli iwe hiyohiyo miezi yote. Tahadhari: usijitupe juu yake ukiwa na uzito mgongoni, uti wa mgongo utaumia. Tahadhari ya pili: mgongo ukianza kupinda, jaribio limekwisha. Andika ulichopata hadi hapo na urudishe chuma.

Hatua ya 6. Kokotoa ile moja ya mwisho bila kuinyanyua. Kanuni ya Epley: gawanya idadi ya marudio kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa uzito. Kilo 60 mara 5 zinatoa kilo 70. Kanuni ya Brzycki: zidisha uzito kwa 36, toa idadi ya marudio kwenye 37, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Hapo unapata 67.5. Zote ni makadirio. Chagua moja, ubaki nayo.

Hatua ya 7. Andika tarehe, saa, uzito wako na viatu ulivyovaa. Rudia baada ya wiki nane hivi, katika hali ileile.

MASWALI

Chuma_Majengo: Mkuu mimi napiga pushapu 50, hiyo ni kilo ngapi?

Jibu: Aya ya pili.

Kijana wa Njiro: Nimepiga kilo 40 mara 20, Epley inanipa karibu 67. Mbona benchi ya 60 imenishinda?

Jibu: Swali zuri, kaka. Weka namba hizohizo kwenye Brzycki uone: inakupa karibu 85. Kanuni hizi mbili hukutana kwenye marudio 10, zikivuka hapo zinaachana vibaya, kwa sababu unakuwa unapima ustahimilivu. Ndiyo maana nimesema tatu hadi sita.

Chuma_Majengo: Sasa si ungesema tu pushapu haifai?

Jibu: Inafaa kupima ustahimilivu. Nimeandika, soma.

Mpagazi77: Mimi nabeba mizigo mlimani. Kupanda sina shida, ila kushuka kwa njia ya Mweka magoti yanatetemeka. Nipime nini?

Jibu: Asante kwa kuuliza, mkuu. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavuta huku ikirefuka, na hiyo huichosha na kuiumiza kuliko kupanda. Pima mguu mmoja mmoja. Kaa kwenye kiti, inuka kwa mguu mmoja, kisha shuka polepole ukihesabu hadi tatu. Linganisha kulia na kushoto. Mguu uliopona jeraha, wataalamu wa mazoezi ya tiba hutaka ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake. Kama kuna maumivu na si kutetemeka tu, muone daktari kabla ya safari nyingine.

Dada_Usa River: Mama yangu ana miaka 67, na chuma hawezi kugusa. Kuna kipimo chake?

Jibu: Kipo, na ni kizuri sana. Mpe mama shikamoo yangu. Kiti kigumu cha sentimita 43 hivi, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mikono aikunje kifuani, asimame wima na kukaa tena na tena kwa sekunde 30, wewe ukihesabu mara anazosimama. Kaa karibu naye. Kama ana presha, daktari wake akubali kwanza, na asibane pumzi.

Fundi_Sakina: Sisi sahani zetu za uzito ni za zege, tumemwaga kwenye makopo ya rangi. Vipimo vitakubali?

Jibu: Vitakubali mkizipima. Usiamini namba iliyoandikwa kwa chaki. Zipelekeni kwa mfanyabiashara wa mahindi mwenye mizani iliyohakikiwa, muandike uzito wa kila moja kwa rangi.

Fundi_Sakina: Tulipima siku tuliyozifungua kwenye makopo.

Jibu: Rudini mkapime tena. Zege likiendelea kukauka hupoteza maji, uzito unashuka.