Somo: Kuhama nyumba bila kukatisha dawa

Kila kodi zinapoisha, WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI) wenzangu wa Dar es Salaam hunipigia kuuliza kama wakihama dawa watachukua wapi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo ninaandika mara moja. Mimi ni mshauri rika, si daktari.

1. Kabla hujamlipa dalali, piga hesabu ya nauli ya kufika kliniki. Dawa ni bure, lakini daladala si bure, na chumba cha bei nafuu kinachokupandisha magari mawili kwenda CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa WAVIU) kina kodi ya pili iliyofichika.

2. Usiache wiki ya kodi igongane na wiki ya kliniki. Ikiwa umefubaza virusi, yaani dawa zimevishusha hadi kiwango kidogo sana, na unahudhuria vizuri, uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita.

3. Omba barua ya uhamisho. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka 2016 nilihama Tandika kwenda Chanika kimya kimya, kwa kuona haya kumuaga muuguzi, nikajiandikisha kituo kipya kama mgonjwa mpya. Dawa nilipata, nikadhani mambo yamekwisha, kumbe kituo kile hakikujua nilianza lini wala majibu ya kipimo changu cha wingi wa virusi, na kwenye faili la zamani nilikwisha kuwa mtoro. Namba yangu ya simu haikuwa hewani, basi mtoa huduma akafuata kilichoandikwa kwenye faili: mtaa, jina la mjumbe, nyumba yenye geti la bluu. Alimkuta mpangaji mwenzangu anafua uani, akaulizia nilipo, na alipoulizwa yeye ametokea wapi, akakitaja kituo. Kabla ya magharibi ua mzima ulikuwa unajua, nami niliipata habari kwa shemeji yangu. Kwa hiyo usijiandikishe upya, usiitupe kadi, na ubadilishe namba yako ya simu kwenye faili kabla ya kuondoka.

4. Kopo la dawa libaki kwenye mkoba wako, si kwenye kirikuu pamoja na magodoro.

5. Ripoti kituo kipya ukiwa bado una vidonge.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimehama miezi miwili sasa, barua sina, na dawa zimeisha tangu wiki iliyopita. Nifanyeje?
Jibu: Hatua ya tatu na ya tano zimeeleza. Kesho asubuhi nenda CTC yoyote iliyo karibu na kadi yako au kopo tupu, useme ukweli wote. Barua itafuatiliwa baadaye, dawa haziisubiri.

Swali: Kwa hiyo unatufundisha kuwaficha wenye nyumba?
Jibu: Sijaandika hivyo. Mwenye nyumba anadai kodi, hadai majibu ya vipimo.

Swali: Samahani, dada. Mama mwenye nyumba alikiona kikopo changu, na sasa anataka nitoke ilhali nimelipa miezi sita. Je, sheria inanilinda, au nihame tu kulinda amani?
Jibu: Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, lakini kinachokushikilia kwanza ni mkataba wa maandishi na risiti, kwa hiyo viweke salama leo hii. Kisha zungumza na viongozi wa konga (umoja wa WAVIU) ya wilaya yako, wakuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria. Serikali ya mtaa aende mtu unayemwamini, kwa sababu ofisi hizo nazo zina masikio mengi. Ukiamua kuhama, na wengine huamua hivyo bila kosa lolote, dai kwanza kodi ya miezi iliyobaki, tena kwa maandishi.

Swali: Chumba changu ni cha bati bila dari, na mchana kinawaka moto. Dawa haziharibiki?
Jibu: TLD, kidonge chetu cha kufubaza virusi, hutakiwa kukaa chini ya nyuzijoto 30. Weka kopo chini, mbali na jiko na dirisha la jua, na usikitoe kile kipakiti kidogo kinachofyonza unyevu.

Mchango wa mwanachama: Wanaoogopa mlio wa vidonge wasivihamishie kwenye mfuko wa nailoni. Mimi huliviringisha kopo zima ndani ya kanga, na hata kwenye daladala halisikiki.