Kulinda sakulenti na joto la kaskazi

Mombasa hakuna baridi ya kuua sakulenti, mimea inayohifadhi maji kwenye majani au shina. Hata Julai, kusi ikivuma, usiku hubaki karibu nyuzi 20. Shida ni kaskazi, Desemba hadi Machi: mchana nyuzi 32 au 33, usiku 24 na zaidi, na hewa imejaa unyevu. Wengi huogopa jua la adhuhuri, kumbe usiku ndio mbaya zaidi. Mimea hii hufungua vitundu vya majani usiku ili ivute hewa, na echeveria, ambayo asili yake ni milima ya Meksiko, hudhoofika usiku usipopoa. Adenium (waridi la jangwa) na shubiri hazina taabu hiyo.

Anza na chungu. Cha plastiki nyeusi juu ya paa la zege huichemsha mizizi. Mizizi ikiungua, majani hulegea kana kwamba mmea una kiu. Mwenye mmea huumwagia maji, na uozo huanzia hapo. Tumia chungu cha udongo chenye tundu, ukiinue juu ya matofali mawili ili upepo upite chini. Udongo uwe sehemu 1 ya mboji kwa 2 za kokoto za milimita 3 hadi 6. Mchanga wa ufuoni, hata ukiwa wa bure, una chumvi.

Neti ya kivuli ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya jua, itundike mita moja juu ya mimea, na upande wa magharibi iteremke, maana jua la alasiri huingia kwa chini. Jua la asubuhi hadi saa tatu linatosha. Mmea uliotoka kwenye baridi ya Limuru ukae kivulini wiki nzima, kisha uuongezee saa moja ya jua kila baada ya siku 3.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na udongo umeshikana, acha. Mwagilia alfajiri. Ukilazimika kumwagilia mchana, maji yaliyolala ndani ya mpira wa kumwagilia juani yamwage kwanza, yanaunguza.

Doa kavu la kahawia ni la jua: halitoki, halienei, liache. Jani la manjano, lenye majimaji, au shina jeusi, ni uozo. Kata kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti mpaka ufike penye nyama safi, anika kivulini siku 5 hadi 7, panda pakavu, na usitie maji kwa wiki.

Masika yakiingia, badilisha neti kwa nailoni angavu, lakini pande ziache wazi.