Jinsi ya kugundua muvi mpya imeazima nini kwa muvi ya zamani

Kwanza soma chote kile kitabu ambacho muvi hizo zimetokana nacho kabla hujagusa muvi, maana ukianza na muvi picha zake zitakukaa kichwani na hutaona tena nini kimeongezwa.

Chukua The Wonderful Wizard of Oz ya L. Frank Baum, ya mwaka 1900. Andika vitu vidogo vidogo, rangi, nguo, nani kafanya nini. Kwenye kitabu viatu vya Dorothy, yule msichana mhusika mkuu, ni vya fedha, na yule mchawi mbaya hakuna popote alipoandikwa ana ngozi ya kijani. Muvi ya 1939, The Wizard of Oz ya kampuni ya MGM, ndo ilivifanya viatu vyekundu ili ving'ae kwenye Technicolor, yaani teknolojia ya filamu za rangi, na kijani nacho kikatokea humo humo. Sasa fungua muvi mpya, Wicked ya 2024, uone: Elphaba, ndo yule yule mchawi, ni wa kijani, hiyo imetoka kwenye muvi ya 1939, ila viatu vimerudi kuwa vya fedha kama kitabuni. Hapo ndo utamu wenyewe!

Halafu uliza haki ziko kwa nani. Kitabu kiko huru siku nyingi, yeyote anaweza kukitumia bila kulipa, ila vile viatu vyekundu vilikuwa mali ya MGM, ndo maana Disney ilibidi wawalipe kuvitumia kwenye Return to Oz ya 1985. Kwa hiyo tofauti nyingine sio ubunifu, ni mambo ya wanasheria.

Na usiishie 1939 ukadhani ndo mwanzo, wale vibarua wa shamba ambao kwenye muvi hiyo wanageuka kuwa wenzake Dorothy safarini, wazo kama hilo lilishakuwepo kwenye muvi bubu ya 1925.