Kabla ya kutuma makala, hesabu kwanza

Makala yangu juu ya karindula, muziki wa banjo kubwa wa hapa Lubumbashi, ilirudishwa na jarida moja la kitaaluma baada ya miezi minne: "nje ya upeo wetu", ilhali ukurasa wake wa malengo ulitaja tamaduni za Afrika nzima! Siku hizi nafungua matoleo 3 ya mwisho ya jarida na kuhesabu vichwa vya makala: ngapi zinagusa Kongo, ngapi ni za muziki, ngapi ziko katika lugha yangu. Jarida la Mulika la Dar es Salaam, kwa mfano, ni ya Kiswahili. Kifaransa chako peleka kwingine. Malengo huandikwa mara moja na kusahaulika, lakini matoleo yanaonyesha wahakiki wao, yaani wasomi wanaopima makala, wanajua nini. Kwa jarida changa au toleo maalumu hesabu hii haisaidii; mwandikie mhariri mistari mitano umuulize.