Somo: Kupunguza sumu ndani ya nyumba, tuanze na chooni

Habari zenu wapendwa. Naanza na choo cha ndani kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia huku wakijua wanasafisha.

Hatua ya 1: Acha kuchanganya dawa. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini palepale. Dawa nyingi za choo za kuondoa ukoko ni asidi. Siki ni asidi, na limau vilevile. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa kloramini, nayo huumiza mapafu. Mara nyingi mambo huenda hivi: dada anamimina dawa ya choo, ukoko hautoki, anaongeza jiki juu yake, na mlango kaufunga ili watoto wasiingie. Macho yanawasha, koo linakereketa, kifua kinabana. Likikukuta, usibaki ndani ukimwagia maji. Toka nje, uache mlango wazi, na kifua kikiendelea kubana nenda hospitali.

Kwa hiyo tumia dawa moja tu, dirisha na mlango vikiwa wazi, na uvae glavu. Suuza kwa maji mengi kabla ya kufikiria dawa nyingine. Jiki ya kuzimua changanya kila siku mpya, kwa kipimo cha kwenye lebo. Na ule ushauri wa kuchanganya siki na magadi soda hauna madhara, ila povu lile ni vitu viwili vinavyomalizana nguvu. Sugua kwa magadi kwanza, siki baadaye.

Hatua ya 2: Kagua chupa. Mafuta ya taa na jiki ya kupimiwa visikae kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili anaijua ile chupa, na anajua inanywewa. Weka juu, mahali pa kufunga. Dawa za kunguni zisizo na lebo, zinazopimwa mtaani, naomba msinunue kabisa. Huwezi kujua kama ni ya shambani, na mwenye kuuza naye huenda hajui.

Hatua ya 3: Moshi wa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliona kwamba dawa moja ya mbu ya kuchoma hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chumba kimefungwa, mtoto kalala humo hadi asubuhi! Chandarua chenye dawa na wavu wa dirishani vinakutosha.

Hatua ya 4: Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Soma lebo. Ukiona "mercury", "Hg" au "calomel", hiyo ni zebaki, na huharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana viondolewe vyote ifikapo 2025. Madukani bado vipo. Isiyo na orodha ya viambato, iache.

Rangi kuukuu inayobanduka usiikwangue ikiwa kavu, huenda ina madini ya risasi. Ilowanishe kwanza, watoto wakae mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Nguo za mtoto mchanga nimezihifadhi na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Zina shida?

Jibu: Marahaba mwanangu. Zina shida. Vingi ni naftalini. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria kama pwani yetu, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu na kupata manjano kali. Toa vidonge, fua nguo zote, anika juani hadi harufu iishe kabisa.

Swali (Nakuru): Mtoto akinywa mafuta ya taa, tumpe maziwa atapike?

Jibu: Hapana. Akitapika, mafuta yanaingia mapafuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Usimpe kitu. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Swali: Nanyonyesha, na krimu yangu imeandikwa Hg. Niichome moto?

Jibu: Usichome dada, zebaki itageuka mvuke muivute nyote. Acha kuipaka leo. Ifunge vizuri kwenye mfuko, kisha nenda nayo kliniki ukaombe kupimwa mkojo, na mtoto aangaliwe. Taulo na mashuka uliyotumia yafue peke yake.