Somo: Upara wa kurithi na mazoea ya kila siku

Wakuu, tuanze na linalowachanganya wengi. Upara wa mwanaume, ule unaoanzia pembe za paji au utosini, hauletwi na kofia. Maji yenye madini ya floraidi ya huku Meru yanatia meno rangi ya kahawia, ila upara si kazi yake. Chanzo ni DHT, homoni ambayo mwili huitengeneza kutoka kwenye testosteroni. Ikikuta vinyweleo vilivyorithi kudhurika nayo, unywele hutoka mwembamba na mfupi zaidi kila unapoota upya, mpaka linabaki laika, kinywele laini kisichoonekana vizuri.

Mazoea mabaya hayaanzishi hilo. Huliharakisha, au huleta unyonyokaji wa pili juu yake, na huo wa pili ndio unaorekebishika nyumbani.

Hatua ya 1: Jua unanyonyokaje

Usinyoe kwa wiki nne, nywele zifike kama sentimita moja. Asubuhi kaa karibu na dirisha, mtu akupige picha nne: paji, kushoto, kulia, utosi. Rudia kila mwezi, dirisha lilelile, urefu uleule. Bila picha utajidanganya, maana kioo cha bafuni hakina kumbukumbu.

Sasa kuza picha ya utosi. Ukiona nywele nene zimechanganyika na nyingine nyembamba kama laika, huo ni urithi. Zikiwa zimepungua kichwa kizima kwa mkupuo, hesabu miezi miwili au mitatu nyuma: uliugua malaria kali au taifodi? Ulifanyiwa upasuaji? Ulijinyima chakula ili upungue haraka? Hizo kwa kawaida huota tena zenyewe ndani ya miezi sita au zaidi kidogo.

Mabaka ya duara, magamba, usaha au maumivu si ya somo hili. Nenda hospitali. Moshi tuna bahati: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo pale KCMC.

Hatua ya 2: Sigara

Acha. Tafiti zimekuta wavutaji wana upara mkubwa kuliko wenzao wasiovuta, na tumbaku hubana mishipa midogo inayolisha kinyweleo.

Hatua ya 3: Sahani

Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji protini kama gramu 56 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Kiburu cha ndizi chenye maharage ya kutosha kinasaidia. Ndizi tupu hazifiki.

Kosa tunaloliona sana ni chai. Unakula mchicha na maharage, halafu unashushia na chai ya rangi palepale: chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Subiri saa moja, na kamulia limao kwenye mboga. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, kwa sababu vitamini A ikizidi nayo hunyonyoa nywele. Na mwanaume aliyekutwa na upungufu wa damu asiishie kwenye vidonge. Atafutiwe damu inapotea wapi.

Hatua ya 4: Kinyozi

Kunyoa hakuongezi wala kupunguza nywele. Hatari iko kisogoni: mashine ikipita chini kabisa, ncha za nywele zilizojikunja huchoma ngozi, vipele vinatoka, kisha makovu. Palipo na kovu nywele hazirudi. Mwambie aache kama milimita tatu, na aisafishe mashine kwa spiriti kabla yako.

Hatua ya 5: Dawa

Mazoea yakikaa sawa na picha bado zinaonyesha utosi unapanuka, kuna minoksidili ya asilimia 5: mililita 1 kwenye ngozi kavu, asubuhi na jioni, kisha unanawa mikono. Wiki za mwanzo nywele huanguka zaidi. Wengi huacha hapo, na ndilo kosa. Pima baada ya miezi minne hadi sita. Ukiacha, ulichopata kinapotea. Finasteride, kidonge kinachopunguza DHT, ni ya kuandikiwa na daktari. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, na ukipimwa PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) sema unaitumia, maana hushusha kipimo karibu nusu.

Maswali ya wanachama

*Naendesha bodaboda Arusha. Helmeti inanimaliza nywele?*
Hapana, mkuu, ivae. Fua kitambaa cha ndani kila wiki tu, jasho na fangasi visikae.

*Babu mzaa mama alikuwa na nywele zote. Nimepona?*
Si lazima. Jeni moja kubwa hutoka kwa mama, lakini nyingine nyingi hutoka pande zote mbili.

*Mume wangu anapaka kitunguu saumu kilichopondwa, analala nacho.*
Dada, mzuie leo. Kinaunguza ngozi na DHT hakiigusi.

*Nanywa vidonge vya vitamini ya biotini, vina madhara?*
Kama hukupungukiwa, faida huioni. Waambie maabara kabla ya kutolewa damu, kwani huvuruga baadhi ya vipimo, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo.

*Utosi umeshang'aa kabisa. Nifanye nini?*
Dawa za kupaka hazifufui hapo. Nyoa nywele zote, vaa kofia yenye ukingo. Arusha iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo jua huunguza hata siku ya baridi na mawingu.