Jinsi ya kufuatilia kama mgonjwa wa ukoma anayetibiwa nyumbani anameza dawa zake

Kadi iliyojaa tiki inathibitisha jambo moja tu: mgonjwa alifika kuchukua pakiti ya dawa ya siku 28. Dozi ya mwezi ya mtu mzima, yaani rifampisini miligramu 600, klofazimini 300 na dapsoni 100, anaimeza mbele yako. Siku 27 zinazofuata, za dapsoni 100 na klofazimini 50 kila siku, yuko peke yake, na huko ndiko dozi zinakorukwa.

Hesabu vidonge nyumbani kwake, bila kumpa taarifa. Ukihesabia kliniki utaletewa pakiti tupu, hata kama vidonge vilitupwa asubuhi hiyo. Siku ya 15 ya pakiti, dozi ya siku hiyo ikiwa imeshamezwa, vidonge vya dapsoni vinapaswa kubaki 13. Vikizidi, kuna siku zilizorukwa. Vikipungua, uliza kama anagawana na mtu au anameza viwili kufidia vya jana.

Omba na mkojo hapohapo. Maabara ilinganishe dapsoni na kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, maana mkojo mwepesi wa mtu aliyekunywa maji mengi hudanganya. Dapsoni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kuikuta hakuonyeshi kwamba anameza kila siku. Kuikosa kabisa ndiko kunakopaswa kukushtua. Usipime mara tu baada ya siku ya kliniki, utapima dozi uliyoishuhudia mwenyewe.

Rangi isikupotoshe. Mkojo mwekundu unatokana na rifampisini na hupita upesi, nao weusi wa ngozi unaoletwa na klofazimini hubaki miezi mingi baada ya dawa kuachwa.

Ukikuta vidonge vimezidi, usimgombeze. Akishaogopa hutapata ukweli tena. Uliza, "Wiki hii ni siku zipi zilikuwia vigumu kumeza?" Wapo wanaoacha kwa weusi huo, wapo wanaoficha pakiti majirani wasijue. Wengine mabaka huvimba na mishipa ya fahamu kuuma katikati ya matibabu, wakadhani dawa ndiyo inawadhuru. Huo ni mwitikio wa kinga ya mwili: mpeleke kwa daktari haraka, mara nyingi atapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa za ukoma ziendelee. Upele ulioenea pamoja na homa, au macho ya manjano, ni jambo jingine: simamisha dawa zote za ukoma na umpe rufaa siku hiyohiyo.

Kila ziara piga hesabu ya muda uliobaki. Mwenye bakteria wengi amalize pakiti 12 ndani ya miezi 18, mwenye bakteria wachache pakiti 6 ndani ya miezi 9. Asipofika siku yake ya kliniki, mfuate wiki hiyohiyo.